SM58 ya Shure katika kanisa la mabati: nilichoipendea ni mgongo wake

Nianze na bei, maana kwenye kamati ya kanisa hilo ndilo swali la kwanza. SM58 halisi, mikro (kipaza sauti) ya mkononi ya kampuni ya Shure, inauzwa karibu dola 100 huko Marekani. Ikishapita mikononi mwa wafanyabiashara mpaka kufika hapa kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, haiwezi kushuka chini ya hapo. Mtu akikutajia dola 20, na boksi lake zuri na mfuko wake wa zipu, ujue anakuuzia jina tu.

Mzee mmoja wa kamati aliniuliza kwa nini tutoe pesa yote hiyo kwa mikro moja wakati kwa pesa ileile tunapata tano. Mimi ndiye ninayeshughulikia sono, yaani mitambo ya sauti, hapa kwetu mtaa wa Kadutu, na jibu nililompa ndilo ninaloliandika hapa, kwa urefu zaidi kidogo.

Kanisa letu ni kuta za matofali, sakafu ya saruji, paa la mabati bila dari. Sauti ikitoka kwenye spika inagonga ukuta wa nyuma na bati, inarudi madhabahuni. Sebene, ile sehemu ya gitaa ya kuchezea, ikianza, wa gitaa la solo anajiongezea. Wa besi hakubali kuzidiwa, naye anapandisha. Waimbaji hawajisikii tena, wananinyoshea kidole juu: monita, monita! (ile spika inayowaelekea wao wajisikie). Nikiipandisha monita, larseni inaingia, ule mlio wa kutoboa masikio, na mama wote wa mstari wa mbele wanageuka kunitazama mimi.

Larseni inatokea mikro inaposikia spika yake yenyewe: sauti inaingia, inakuzwa, inatoka, inaingia tena. Kwa hiyo kwenye jukwaa la namna yetu mimi siulizi kwanza mikro inasikia vizuri kiasi gani kwa mbele. Nauliza ni kiziwi kiasi gani kwa nyuma. Hapo ndipo SM58 inapolipa pesa yake. Ni kardioidi: inasikia mbele, ubavuni inasikia nusu hivi, na mgongoni moja kwa moja karibu haisikii kitu. Tena uziwi huo unabaki palepale iwe ni sauti nene au nyembamba, kwa kiasi ambacho zile za kuiga nilizozijaribu hazifiki. Hizo, ukipanda kwenye sauti nyembamba, zinasikia pande zote, na ndiyo maana zinalia mapema.

Lakini uziwi huo haukusaidii chochote kama hujaupangia monita. Makanisa mengi ya hapa Bukavu monita inawekwa popote penye nafasi, mara pembeni karibu na ngoma, mara nyuma ya mwimbaji. Iweke mbele ya mwimbaji, sakafuni, halafu inamisha mikro kwenye stendi hadi mkia wake, pale kebo inapoingia, uelekee katikati ya monita. Sisi tulipohamisha monita mbili tu, bila kununua kitu kingine, korale (kwaya) ilipata sauti ambayo awali haikuwezekana. Na mkiwa na dada yake, Beta 58A, sheria inabadilika: ile ni superkardioidi, uziwi wake uko nyuma kwa pembeni, kwenye nyuzi 120 hivi kila upande, kwa hiyo monita iliyo nyuma yake kabisa iko mahali pabaya. Ukizichanganya mbili hizi jukwaani na kuzipangia monita kwa namna moja, moja lazima italia.

Sasa mkono wa mhubiri. Uziwi wa mgongoni unatengenezwa na matundu yaliyo nyuma ya kapsuli (kile kiungo kinachopokea sauti), ndani ya kile kichwa cha waya. Sauti inaingia kwa mbele na kwa matundu hayo, na ile ya nyuma inajifuta yenyewe. Ukikifumbata kichwa kwa kiganja, kama wanavyofanya vijana wa rap, umeziba matundu, na mikro ya dola 100 inageuka ya dola 20 papo hapo. Nilimwambia mchungaji wetu kabla ya ibada: «Papa Pasta, mkono ushuke kidogo, ushike mwili, si kichwa.» Akacheka: «Na wewe basi uache kunipunguza nikianza kuwaka.» Tumeheshimiana tangu hapo, isipokuwa Pasaka.

Umbali wa mdomo nao una hesabu yake. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inayofika kwenye mikro inapanda desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), bure kabisa, bila kugusa miksa, ile meza ya kuchanganyia sauti. Mama anayeongoza tenzi zetu alikuwa anashika mikro usawa wa kifua kwa adabu. Nilipomwomba aisogeze mpaka karibu na kidevu, niliishusha gaini (kiwango ambacho miksa inaikuza mikro) sana na larseni ikasahaulika. Ukikaribia hivyo besi inaongezeka, na kwa sauti nene ya mwanaume, chini ya bati, maneno yanamezwa. Miksa nyingi zina kitufe kidogo cha kukata sauti za chini, kwenye hezi 80 au 100. Kibonyeze kwa kila mikro ya mtu anayesema au kuimba, kisha ukiache hivyo. Juu kidogo, kwenye hezi 4,000 mpaka 6,000, SM58 tayari imenyanyuka yenyewe ili maneno yatoke wazi. Naona watu wanaongeza tena pale kwa ekwalaiza, halafu wanalalamika kwamba kila «s» inachoma.

Kwa korale nzima, hapana. Hii ni mikro ya mdomo mmoja, ukilazimika ni midomo miwili iliyogusana mabega. Kuiweka mita moja mbele ya watu kumi na kupandisha gaini ni kuomba larseni. Kuna jambo ambalo ningependa kila kanisa lilijue: kila idadi ya mikro zilizo wazi inapozidishwa mara mbili, unapoteza desibeli 3 za nafasi kabla ya larseni. Kutoka mikro moja mpaka nane ni desibeli 9 zimeondoka, na nusu ya mikro hizo ziko mezani, hazina mtu. Ndiyo hesabu niliyompa yule mzee: tano dhaifu zilizo wazi zote zinatupa sauti kidogo kuliko mbili nzuri.

Umeme unajulikana ulivyo hapa. Ukikatika tunasubiri jenereta, na hapo mikro hii ina faida ndogo ambayo hakuna anayeiandika kwenye boksi: haina betri, haihitaji zile volti 48 ambazo miksa inazipeleka kwa mikro za aina nyingine, na hata mtu akiziwasha kwa ajili ya mikro nyingine haziidhuru, mradi kebo ni nzima. Miksa ikirudi, mikro imerudi. Mvua ya Bukavu ikipiga bati, hiyo ni habari nyingine, hakuna mikro ya kuishinda. Mhubiri anangoja kama sisi wote.

Studio nitasema kwa kifupi. Tuna kijana anayerekodi nyimbo katika chumba cha nyumbani kwao, Ibanda, bila sponji ukutani. Mikro ya kondensa aliyokuwa nayo ilirekodi kuku, pikipiki na redio ya jirani pamoja na mwimbaji. Kwa SM58, blanketi nene nyuma ya mwimbaji na mdomo karibu, alipata sauti safi zaidi. Kasoro ni kwamba inatoa umeme kidogo, kwa hiyo inataka gaini nyingi, na kadi ya sauti ya kompyuta ya bei rahisi itakuonyesha mvumo wake wote. Nyimbo laini za kunong'ona usizijaribu nayo.

Namna ya kuijua halisi. Imekuwepo tangu 1966, na kapsuli yake inatokana na ile ya Unidyne III, mikro nyingine ya Shure ya 1959, kazi ya mhandisi Ernie Seeler. Kitu kilichodumu hivyo kimeigwa hivyohivyo. Cha kwanza ni uzito: gramu 298. Yangu niliipima sokoni kwenye mizani ya mama wa maharagwe, ambaye aliniuliza kama nyama hiyo ni ya mnyama gani. Mizani peke yake haitoshi, maana waigaji wanajua kuongeza chuma. Tazama kwenye pini tatu za kebo: za halisi zimeandikwa namba 1, 2, 3 pembeni, na nyingi za kuiga hazina. Halafu jaribio ambalo muuzaji hawezi kulidanganya: mtu aseme «alo, moja, mbili» akiizunguka mikro polepole, umbali uleule. Inapaswa kupungua ubavuni na kuzama mgongoni, bila sauti kubadilika kuwa ya bati. Muuzaji akikataa kukuwashia ujaribu, rudisha pesa mfukoni.

Kuna aina yenye swichi na isiyo nayo. Chukua isiyo nayo. Swichi mkononi mwa msomaji wa matangazo ni dakika nzima ya watu kusema «haisikiki» huku mimi nikipekua kebo ambazo hazina kosa. Kichwa cha waya kikibonyea kwa kuanguka, kinafunguka kwa mkono na kipya kinauzwa peke yake. Cha zamani nacho kifungue mara kwa mara, uoshe sponji ya ndani kwa maji na sabuni kidogo, na usikirudishe kabla hakijakauka kabisa. Mikro yetu inapita midomo mingi, na rangi za midomo za mama zetu zinaonekana pale.