Michoro ya Kolo, Kondoa, imekaguliwa na fundi rangi

Tulikwenda kuona michoro ya kale ya miambani kule Kolo. Naanza na pesa, maana najua ndilo swali la kwanza. Gari tulikodi hapa Dodoma mjini kwa laki na nusu kwa siku, mafuta juu yetu. Kiingilio unalipa ofisini Kolo, pale pale kando ya barabara, na Mtanzania halipi sawa na mgeni wa nje. Kiasi sitaji, kwa sababu bei hupanda na sitaki mtu anishike shati eti fundi alisema. Mwongozaji unapewa hapo hapo. Tulikuwa watu wazima watatu na binti yangu wa kidato cha tatu, na tulipogawana ikawa pesa ambayo vijana wangu wa saiti wanaimaliza kwa wikiendi moja ya nyama choma na mpira, Jumatatu wanarudi hawana cha kusimulia.

Mimi kazi yangu ni kupaka rangi. Ilazo, Nkuhungu, Area C, nimepita kote, na tangu serikali ihamie huku kazi hazikauki. Aliyenipeleka Kolo ni shemeji yangu, Mrangi wa Kondoa, ambaye kila tukikutana msibani au harusini lazima anichokoze: "Shem, unajiita fundi na kazi ya wazee wetu hujaiona." Mgogo wa Mvumi hakubali kutambiwa na Mrangi kirahisi, lakini akiniambia kuna ukuta uliopakwa kabla ya babu wa babu na bado unasomeka, nami kuta za hapa mjini zinatema chumvi kabla rangi haijatimiza mwaka, nitaacha kwenda?

Njia ni nzuri. Lami tupu, ile ya kwenda Babati: Makutupora, Mayamaya, Chemba, Kondoa mjini, halafu kilomita ishirini na kitu mbele yake ndiyo Kolo. Tatizo linaanza ukiiacha lami. Kutoka ofisini hadi chini ya kilima ni kama kilomita kumi za vumbi, na katikati kuna mto wa mchanga. Gari letu tuliambiwa ni fowili. Lilipofika kwenye mchanga ikaonekana zinazozunguka ni tairi mbili tu, nazo zinachimba kaburi. Vijana waliokuwa wanachunga ng'ombe karibu wakatusukuma kwa soda na maneno ya kejeli kwa Kirangi, ambayo shemeji alikataa kunifasiria. Waliotukodishia siwataji, ila nyota moja nimeikata hapo. Kabla ya kulipa, mwambie mwenye gari aliwashe mbele yako na alipandishe kwenye kifusi. Akianza visingizio, tafuta jingine.

Sasa michoro yenyewe. Usitegemee pango la kuingia na tochi. Ni kuta za miamba zilizoinamia mbele, mvua haizifikii vizuri, na wachoraji walichagua hapo wakijua wanachofanya. Kupanda ni kwa miguu, mawe makubwa, kwa hiyo ndala muache nyumbani. Eneo lote lililoandikishwa UNESCO mwaka 2006 ni kilomita za mraba 2,336, na miamba yenye michoro inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Sisi tuliona ile inayoonekana na wengi, iliyopewa alama B1, B2 na B3. Inatosha kwa siku moja. Kuna watu wanataka waone na miamba ya Pahi na Thawi siku hiyo hiyo, mwisho wanapiga picha mbio mbio na kuondoka.

Nilisimama mbele ya mtu mmoja mwekundu kwa muda mrefu hadi binti akaja kuniuliza kama nimepatwa na kitu. Ni mwembamba, mwili umevutwa mrefu kupita kiasi, mikono nyuzi, kichwa kikubwa cha duara na mistari ya nywele inayoenda upande mmoja. Ndani ya mwili hakujazwa rangi yote, amepigwa mistari inayoshuka sambamba, mingine haizidi upana wa njiti ya kiberiti. Niligusa jiwe pembeni, mahali pasipo na mchoro: linakwaruza kiganja. Juu ya jiwe la namna hiyo, mwambie fundi wa leo apige mstari mmoja mwembamba, mrefu, usiokatika na usiochuruzika, kwa brashi ya dukani. Mimi nitamshikia ngazi. Hakuna tone lililoshuka. Maana yake aliijua rangi yake unene wake, alijua achovye kiasi gani, na mkono haukutetemeka.

Wekundu wenyewe ni oksidi ya chuma, yaani udongo wenye kutu. Ni kitu kile kile kilichomo kwenye redioksaidi tunayopaka mageti kabla ya rangi ya mwisho. Wateja hunibishia nikiwaambia bluu kali na zambarau zitapauka na jua la Dodoma lakini rangi ya udongo haitapauka. Kutu imeshakula hewa yake yote, jua halina tena cha kuitoa. Waende Kolo wakaone risiti. Tena nyekundu hii haikukaa juu ya jiwe, imeingia ndani ya vinyweleo vyake, ndiyo maana ukiitazama kwa upande huoni unene wowote.

Nyeupe ni habari nyingine, na hapa nitasema bila kuficha: ni kazi ya chini. Imepakwa nene, kwa kidole, miduara na mistari na wanyama usiowajua ni ng'ombe au ni kitu gani, na sehemu nyingi inabanduka. Mwongozaji alitueleza kwamba nyekundu za mistari myembamba zinahusishwa na wawindaji, watu wa jadi ya Wasandawe na Wahadzabe, na nyeupe zililetwa na wakulima waliofika baadaye. Nikamuuliza wamejuaje ipi ilitangulia. Akanionyesha mahali nyeupe imepita juu ya nyekundu. Hapo nilifurahi sana, maana ndivyo tunavyojua sisi. Ukikwangua nyumba za zamani za reli hapa mjini unakuta krimu, chini yake kijani, chini yake chokaa, na unaweza kumwambia mwenye nyumba nani alianza bila kuona karatasi yoyote. Kumbe wanaakiolojia na mafundi rangi wote tunaishi kwa kukwangua, ila wao wanaitwa madaktari. Umri kamili wa nyekundu wataalamu bado wanauvutania, na huyu kijana hakutupiga namba za kutuvimbisha macho. Alisema maelfu ya miaka, akaishia hapo. Nampa alama kwa hilo peke yake, kwa sababu nimewahi kuongozwa sehemu nyingine na mtu ambaye kila jiwe kwake lilikuwa la kabla ya Nuhu.

Kilichomkaa binti yangu ni habari ya Mary Leakey. Huyu mama mwanaakiolojia, yule yule aliyelipata fuvu la kale la Zinjanthropus kule Olduvai mwaka 1959, mwaka 1951 aliweka kambi huku Kondoa na kunakili michoro kwa mkono, akifuatisha mistari juu ya karatasi zinazopitisha mwanga kisha akiichora upya kwa rangi. Alinakili maumbo kama 1,600. Baba yake alikuwa mchoraji wa mandhari, na yeye mwenyewe alianzia kazi hiyo kwao Uingereza, akichora vifaa vya mawe vilivyofukuliwa kwenye ngome ya kale ya Hembury, katika jimbo la Devon. Yaani alifika Kondoa akiwa tayari na mkono uliozoea kufuata kitu kilivyo, bila kukirembesha. Binti akasema kumbe kuchora kunaweza kukupeleka mbali. Nikanyamaza, kwa kuwa mwaka jana nilimwambia aache michoro asome hesabu.

Tulibishana kidogo pia. Kuna mchoro maarufu wa watu watano: mwanamke katikati, upande mmoja wawili wanamvuta, upande wa pili wawili kama wanamzuia, na vichwa vya baadhi vinaonekana kama vimevaa vinyago. Mary Leakey aliuona kama utekaji. Shemeji akadakia, "Wanagombea mke, mahari haijaisha." Binti akasema hapana, wanacheza. Mwongozaji akacheka, akasema na wataalamu wengine wako upande wa binti: Wasandawe, ambao hadi leo wako huko Kwa Mtoro na Farkwa, wana ngoma yao iitwayo simbo, mtu anapandisha hadi anajiona simba, na kuna watafiti wanaoisoma michoro hii kwa njia hiyo. Nilitazama tena mikono ya wale wa kulia. Haivuti kwa nguvu. Mtu anayevuta kwa nguvu miguu yake hukita chini, na huyu mchoraji, kwa jinsi alivyo hodari, angeikita. Basi mimi niko na binti.

Tukienda kwenye uharibifu, hapa ndipo damu ilinichemka. Kuna watu wameandika majina. Kuna moshi. Kuna mahali maji yanashuka kutoka juu ya mwamba na kuacha michirizi myeupe inayokula mchoro. Na kuna tabia ya zamani ya kumwagia michoro maji ili ing'ae kwenye picha. Jamani, mtu yeyote aliyejenga Dodoma anajua maji yanafanya nini: yanaingia ukutani, yanayeyusha chumvi, yanakauka, chumvi inatoka nje na kusukuma rangi. Unapata picha moja ya kupendeza na mchoro unabaki na ukurutu. Chupa yako ya maji ni ya kunywa tu.

Halafu kuna mashimo. Watu wanachimba chini ya miamba usiku wakitafuta dhahabu ya Mjerumani. Chanzo cha imani hiyo si kigumu kukiona: Aprili 1916, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Afrika Kusini chini ya Van Deventer yaliingia Kondoa, Mei kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akajaribu kuurudisha mji akashindwa, Wajerumani wakarudi nyuma, na kila mahali walipopita hadithi ya masanduku ikabaki. Sijasikia aliyetajirika. Wanachoharibu ni udongo wenye historia yenyewe. Kule Kisese, humu humu Kondoa, uchimbaji wa kitaalamu ulioanzishwa na akina Leakey na kuendelezwa na Ray Inskeep mwaka 1956 ulitoa shanga za ganda la yai la mbuni, na vipimo vya miaka ya karibuni vimeonyesha kuna zilizozidi miaka 40,000. Mchimba dhahabu angezitupa pembeni na koleo.

Jambo moja mwende nalo kwa adabu. B1 ndiyo Mongomi wa Kolo, na kwa Warangi hapo si jumba la makumbusho. Wazee bado wanapanda kuomba mvua na uponyaji, mbuzi huchinjwa, pombe hunyunyizwa, na nyingine hufika kwenye michoro. Fundi ndani yangu alishtuka: pombe juu ya ukuta! Shemeji akaniuliza kwa upole ambao si wa kawaida yake, "Shem, hawa waliochora unadhani walichora ili Mzungu anakili?" Sikuwa na jibu. Hata UNESCO ilipoyaandikisha maeneo haya iliihesabu ibada hiyo kuwa sehemu ya thamani yake, si kasoro. Kwa hiyo mkikuta mabaki ya sadaka, msiyaguse na msiyapige picha kabla hamjamuuliza mwongozaji. Mvua ya kwetu Dodoma mnaijua ilivyo bahili, asiwepo mtu wa kucheka anayeiomba.

Kwa ufupi wa mambo mengine: ondokeni Dodoma alfajiri, jua la saa sita linawapiga usoni mkipanda. Kofia, viatu vilivyofungwa, maji mengi. Watoto chini ya miaka minane watachoka na kuanza kulia njiani. Mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Chai na maandazi tulipata Kolo barabarani, chakula cha maana tulirudi kukila Kondoa mjini, ugali na mlenda na kuku wa kienyeji aliyehitaji meno kamili.

Natoa nyota nne. Tatu ni za yule mchoraji wa mistari myekundu, moja ya mwongozaji, ya tano iko kwenye mchanga wa mto pamoja na heshima ya yule mwenye gari. Dereva wetu, kwa kuwa naye alilipiwa kiingilio na kupanda hadi juu, ana haki ya kusikilizwa: alimaliza sahani mbili pale Kondoa, akajifuta mdomo, akasema yeye hajaona cha ajabu, mawe tu na vijitu vyekundu. Kama na wewe ni wa hivyo, baki zako mjini, pesa hiyo weka kwenye zabibu.