Kisanduku cha kuunganisha taa za waya-less na mfumo wa jengo: nimekaa nacho miezi minne

Wadau, hiki kisanduku nimekitumia vya kutosha kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Jengo ni la ofisi, ghorofa tano, taa zote zinaongea Zigbee (lugha ya redio ya vifaa vidogo), sensa za kunasa mtu akiingia ziko juu kwenye dari, halafu AC ziko chini ya mfumo wa jengo unaotumia BACnet (lugha ya mitambo ya majengo). Kazi ya kisanduku ukiisema ni fupi tu, kinasikiliza taa kwa redio upande huu, upande wa pili kinazitoa kama pointi za BACnet, yaani kila habari au amri inakaa kivyake, ili jamaa anayekaa kwenye kompyuta ya jengo aone taa na AC skrini moja. Jina la kampuni silitaji maana mengine makosa ni yetu wenyewe, mtaona.

Kukifunga ni dakika chache, waya mmoja wa netiweki unaleta data na umeme humohumo, hapo sina neno.

Kilichotutoa jasho ni kwamba mfumo ulikuwa haukioni kabisa. Toka asubuhi mpaka saa nane mchana tunakodolea macho skrini tupu. Kumbe vifaa vya BACnet vinatafutana kwa kupiga ukelele, mmoja anauliza nani yupo, wengine wanaitika mimi hapa, na ukelele huo hauvuki ruta. Sisi kisanduku tulikiweka kwenye mtandao wa taa, seva ya mfumo wa jengo iko mtandao mwingine, sasa ataitikaje mtu hajasikia ameitwa? Dawa yake inaitwa BBMD, kazi yake kuuchukua ule ukelele na kuupeleka mtandao wa pili, pamoja na kufungua poti 47808 ya UDP, yaani mlango wa mtandao ambao BACnet inapitia. Kijana wa IT akaniangalia, "kaka, hii namba mmeitoa wapi?" Nikamwambia aigeuze kwa heksa (hesabu ya msingi wa 16), ikatoka BAC0, akacheka akafungua. Na hakikisheni namba ya kifaa haifanani na ya kingine chochote jengoni, chetu kilikuja na 1 kutoka kiwandani na kulikuwa na kontrola ya AC yenye 1 vilevile, ikawa vurugu.

Sasa niwape kisa cha ghorofa ya tatu. Wiki ya pili mlinzi ananipigia, bosi huku taa hazizimiki. Nikapanda usiku, korido nzima inawaka asilimia 100 hakuna hata mtu. Nikasimama chini ya sensa, kataa kake kadogo kekundu kakapepesa, maana yake imeniona, nikarudi nikajibanza kwenye ngazi nikasubiri muda wake uishe, kwenye simu naona pointi imebadilika imeandika hakuna mtu, na taa bado zinawaka vilevile! Nikajua sensa haina ubovu, amri ndo inakwama mahali. Nikafungua ukurasa wa kisanduku chenyewe (hapa nakisifu, kinakuonyesha ngazi zote 16 za kipaumbele cha amri, vingi vinaficha) nikakuta ngazi ya 8 imeandikwa 100 na ngazi ya 16 imeandikwa 0. Kwenye BACnet namba ndogo ndo mkubwa. Sensa yetu inaandika kwenye 16, ya 8 ni ya mtu anayebonyeza kwa mkono, na kuna mtu alibonyeza WASHA siku ya usafi akaenda zake. Hata angebonyeza ZIMA isingesaidia, maana angeandika 0 palepale kwenye 8 na sensa isingeweza kuwasha tena. Inatakiwa uiachie ile ngazi, yaani uandike Null (tupu). Skrini yetu ilikuwa na vitufe viwili tu, WASHA na ZIMA, cha kuachia hakuna. Tukaongeza cha tatu tukakiita OTO na hiyo simu ya usiku sijaipokea tena. Ila kitabu chao cha maelekezo hakina hata mstari mmoja kuhusu hili, hiyo nawalaumu.

Kingine, kisanduku msikimwagie kila taa na pointi zake. Sisi tulianza hivyo, mfumo ukawa unauliza kila pointi kila sekunde tano, kisanduku kikaanza kujibu kama mtu mwenye usingizi. Tukapunguza kwa eneo, kila eneo pointi tatu, mtu yupo au hayupo, mwanga uko asilimia ngapi, umeme unaokula. Halafu tukatumia COV, kifaa chenyewe kinatuma habari ikibadilika. Angalizo, ule usajili wa COV umeme ukikatika unaweza kupotea mpaka seva ijisajili upya, sisi chumba cha mikutano kilijaa watu na skrini inasema hakuna mtu, AC imelala, watu wanajipepea na makaratasi. Tumepunguza muda wa kujisajili, sa hivi iko poa.

Faida kubwa kwangu iko hapohapo kwenye AC. Sensa za taa tayari zipo kila chumba, unazitumia hizohizo kuiambia AC chumba kitupu ipumzike, hununui sensa nyingine.

Redio ilitusumbua kidogo karibu na vifaa vya waifai, tukahamia chaneli 25 ya Zigbee ambayo masafa yake yako juu ya chaneli 11 ya waifai, ikatulia. Na nilichomoa waya wa netiweki makusudi nione, taa ziliendelea na sensa na swichi za ukutani kama hakuna kilichotokea, kisanduku kisichoweza hivyo msinunue.

Nyota nne. Moja nimeikata kwa kitabu cha maelekezo na kwa paswedi ya kiwandani ambayo hakikulazimishi kuibadilisha, wakati BACnet/IP yenyewe haina ulinzi wa maana.

Swali kwa mlionacho, ratiba ya ndani ya kisanduku na ratiba ya mfumo wa jengo mmezipatanishaje? Mimi ya ndani nimeizima tu.