Bao au Kahoot darasani?

Mwalimu wa hesabu anayetaka mchezo darasani ana njia nyingi. Mimi nalinganisha mbili: bao, na Kahoot, mchezo wa maswali wa mtandaoni.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Ukianza na bao la kujifunza, kila shimo hupewa kete 2, na hapo tayari una 32 × 2 mbele ya macho ya mtoto. Akitaka kujua kete zake zitaishia shimo gani, lazima ahesabu kabla ya kushika. Akikosea, mwenzake anamuumbua papo hapo, mwalimu hana haja ya kusahihisha. Ubao si lazima uwe wa mbao: chimbeni mashimo uwanjani, okoteni kokoto. Ila wanacheza wawili wawili, na mchezo mmoja unaweza kumeza kipindi kizima. Kwa darasa la watoto 60 hiyo ni mabao 30, na kelele zake usiulize.

Kahoot, iliyotoka Norwei mwaka 2013, inachezesha darasa zima kwa pamoja. Swali linatokea kwenye skrini, mwanafunzi anabonyeza rangi ya jibu, na mwalimu anaona mara moja wangapi wamekosa. Inafaa kwa marudio. Lakini inataka umeme, intaneti na simu au tableti, tena kwa kawaida anayewahi hupata alama zaidi, kwa hiyo wapo wanaobahatisha tu.

Kufundisha kufikiri, nachagua bao. Kupima nani kaelewa mada ya jana, Kahoot, kama umeme upo.