Bastola ya baruti ya mtindo wa 1858: je, inafaa kulinda nyumba?

Jirani yangu wa Mji wa Kale wa Mombasa, ambaye duka lake la vitambaa lilivunjwa mara mbili kabla ya Ramadhani iliyopita, alinionyesha barazani kwenye simu yake picha ya bastola ndefu yenye mpini wa mti na kikingio cha kidole cha shaba, akaniuliza swali ambalo sasa nimeulizwa na watu zaidi ya watatu: bastola hizi za kizamani, ambazo huko Marekani watu huletewa nyumbani kwa posta bila leseni, haziwezi kumfaa mtu anayetaka tu kitu cha kujikinga usiku? Alinijia mimi kwa sababu anajua kwamba nilikuwa fundi wa injini melini kwa miaka mingi, na kwamba mwaka jana nilikaa miezi miwili Houston, katika jimbo la Texas, kwa mtoto wa ndugu yangu ambaye anayo bastola ya aina hiyo. Nimeishindilia, nimeifyatua na nimeiosha kwa mikono yangu, kwa hiyo ninayoyaandika hapa si ya kusikia.

Bastola yenyewe ni nakala ya ile ya kampuni ya Remington iliyotumiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambayo watu huiita "ya 1858" kwa sababu ya tarehe ya hataza iliyopigwa juu ya mtutu, ingawa ilianza kutengenezwa miaka michache baadaye. Nakala hizi siku hizi hutoka hasa Italia, katika bonde la Val Trompia karibu na Brescia, ambako watu wamefua mitutu kwa karne nyingi. Kijana wetu aliinunua kwa dola 350, ambazo ni kama shilingi 45,000. Ina urefu wa sentimita 35 hivi, uzito wa karibu kilo moja na robo, na silinda yenye vyumba sita. Kwa jicho la fundi, kazi ya chuma ni safi: kiunzi kimefungwa kwa juu, tofauti na zile za kampuni ya Colt za 1851 na 1860 ambazo juu ziko wazi na mtutu wake umeshikwa kwa kabari, na silinda hutoka kwa kuvuta kijiti kimoja tu. Ukiishika unaipenda, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea hesabu.

Suala la leseni linahitaji maelezo, kwa kuwa ndilo lililomvutia jirani yangu. Sheria ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka 1968 inaihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ya kale, na inazijumuisha humo nakala zisizotumia risasi za kisasa zenye ganda. Majimbo mengine yana masharti yao zaidi ya hayo. Lakini kuitwa ya kale kisheria hakuifanyi kuwa mwanasesere. Goroli yake ya risasi ina uzito wa gramu tisa, hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 250 hivi kwa sekunde, na nguvu yake inakaribia ile ya risasi ya .38 Special ambayo polisi wa nchi nyingi waliibeba kwa miongo. Tarehe 21 Julai 1865, katika mji wa Springfield, Missouri, mpiga bastola mashuhuri James Butler Hickok alimuua Davis Tutt kwa bastola ya baruti kutoka umbali unaotajwa kuwa mita 70 hivi. Kama swali lingekuwa iwapo inaua, jibu lingekuwa fupi. Swali ni iwapo itakuwa tayari saa nane za usiku, mikononi mwa mtu aliyekurupuka usingizini, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Mtu ambaye babu yake alitundika gobori ukutani ataielewa kazi ya kuishindilia mara moja, kwa kuwa hili ni gobori fupi lenye vyumba sita. Unarudisha nyundo nusu ili silinda izunguke, unamimina baruti gramu mbili hivi katika chumba kwa kipimo cha shaba, wala si moja kwa moja kutoka kwenye chupa, kwani cheche iliyojificha ndani inaweza kuilipua chupa nzima mkononi. Juu ya baruti unaweka kidonge cha sufu kilicholowekwa nta na shahamu, kisha goroli, halafu unaushusha wenzo ulio chini ya mtutu mpaka goroli ishuke na kumegeka pete nyembamba ya risasi ukingoni, ambayo ndiyo dalili kwamba imebana. Goroli isipobana, au fataki ya kuwashia baruti ikikaa kwa kulegea, moto huweza kuruka kutoka chumba hadi chumba na viwili vitatu vikalipuka kwa pamoja. Vyumba vyote vikishajaa ndipo unapogeuza bastola na kuvisha fataki moja moja kwenye chuchu za chuma nyuma ya silinda. Fataki hizi si zile za watoto siku ya Idi; ni vikofia vya shaba vidogo kuliko punje ya mbaazi, na vidole vyangu, vilivyozoea spana namba thelathini, viliangusha viwili chini ya meza.

Mara ya kwanza ilinichukua dakika 11 kujaza vyumba vitano. Kijana wetu, ambaye amezoea, alitumia dakika nne, na chumba cha sita hukiacha kitupu na kuilaza nyundo juu yake ili bastola ikianguka isijifyatue yenyewe. Basi kwa anayefanya hivyo hesabu ya kweli ni risasi tano, si sita.

Katika uwanja wa shabaha sikuwa na la kulalamikia kuhusu ulengaji. Kwa umbali wa mita kumi goroli zangu zote tano ziliingia ndani ya duara la kisahani cha kahawa, na msukumo wake ni wa taratibu, unaoinua mkono bila kuupiga. Hata hivyo kila risasi inadai uirudishe nyundo kwa kidole gumba kwanza, na baada ya kila mlio linatoka wingu jeupe linaloifunika shabaha kwa muda. Pale uwanjani upepo uliliondoa. Nilijaribu kujiona nimesimama katika ukumbi wangu mwembamba, madirisha yamefungwa na watoto wako chumba cha pili, nikifyatua mara moja kisha nisijue aliyesimama ndani ya moshi ule ni mwizi au ni mwanangu aliyetoka kuuliza kuna nini. Katika mzunguko wa tatu fataki moja ilipasuka, kipande chake kikaangukia mbele ya nyundo, na silinda ikakwama mpaka tulipokitoa kwa ncha ya kisu. Wenye Colt wanasema kwao hilo hutokea mara nyingi zaidi, kwa sababu ya ule uwazi wa juu.

Kuna wanaosema kwamba mtu anaweza kuweka silinda ya pili iliyokwisha kushindiliwa na kuibadilisha. Kwa Remington hilo linawezekana, na kijana wetu alilifanya mbele yangu kwa muda usiofika nusu dakika, mchana, akiwa amesimama penye meza. Lakini silinda iliyovishwa fataki ikidondoka kwenye sakafu ya saruji inaweza kufyatuka, na mimi nisingependa kuibeba mfukoni mwa kikoi.

Sasa nije kwenye masizi, ambayo wauzaji huyataja kwa sentensi moja. Baruti nyeusi ni shura asilimia 75, makaa 15 na salfa 10, na ikiungua zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa, bali inabaki kama uchafu wa kijivu unaonyonya maji kutoka hewani na kuanza kula chuma. Baada ya raundi kama ishirini silinda ilikuwa nzito kuzungushwa. Usiku ule ule bastola lazima ifunguliwe yote na kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha ikaushwe na kupakwa mafuta. Kungoja mpaka kesho ni kuamkia kutu. Tulipoiweka jikoni ikatoa harufu ya mayai yaliyooza, na mke wa kijana wetu akaingia, akatazama, akasema kwa upole wote, "Ami, hiyo sufuria ni ya wali." Tukanunua sufuria nyingine.

Jambo lililonitosha kabisa, hata hivyo, ni la mafuta. Houston ina fukuto linalofanana na letu wakati wa kaskazi, na kijana wetu alikuwa ameiacha bastola imeshindiliwa kwenye saraka ya kitanda kwa wiki sita kabla ya mimi kufika. Tulipoipeleka uwanjani, vyumba vinne vilifyatuka kama kawaida. Cha tano kilitoa mlio mdogo wa fataki peke yake, baruti haikushika. Tulipokifungua nyumbani tulikuta baruti ya chini imegandamana kuwa kama uji mzito, kwa sababu mafuta aliyoipaka baada ya kuiosha hayakufutwa vyema ndani ya chuchu. Mwenye kosa hapo ni mtu, si bastola, nami najua kwamba ikishindiliwa katika chumba kikavu, chuchu ikiwa safi na fataki imebana, inaweza kukaa muda mrefu na bado ifyatuke. Lakini tazama mtego wenyewe: chuma cha pwani bila mafuta kinapata kutu, na baruti ikiguswa na mafuta inakufa. Mtu anayeishi mita mia tatu kutoka baharini, ambako bawaba za mlango hushika kutu katika msimu mmoja wa kusi, atalazimika kuchagua kila wiki ni kipi kati ya viwili hivyo anachotaka kukihatarisha, na hataujua uamuzi wake kama ulikuwa sahihi mpaka siku ya shida atakapoivuta nyundo. Bastola ya kisasa yenye risasi za ganda lililofungwa haikuombi uamuzi huo. Unaifuta, unaiweka, na risasi zake zinangoja.

Nikamweleza jirani yangu hayo yote, na juu yake nikaongeza la sheria yetu, ambalo kwa mtu wa Mombasa linamaliza mjadala hata kabla ya moshi na masizi. Sheria ya Marekani haivuki bahari pamoja na kifurushi. Hapa Kenya silaha inatawaliwa na Sura ya 114, na anayetaka bastola ya kujilinda, ya baruti au ya kisasa, aanze kwa kuomba cheti katika Bodi ya Leseni za Silaha, si kwenye duka la mtandaoni. Baruti nayo ina sheria yake ya vilipuzi, Sura ya 115, na sijui ni nani angetaka kueleza bandarini kwamba kopo lile ni la mchezo wa kizamani. Anayekubaliwa baada ya kupita mlango huo wa taabu hana sababu hata moja ya kutoka na silaha ya karne ya kumi na tisa, wakati taabu ile ile ingempa iliyo bora.

Jirani alisikiliza mpaka mwisho, akakitua kikombe chake na kusema, "Sasa kama yataka maji ya moto kila siku, si heri nimmwagie mwizi hayo maji?" Baraza zima likaangua kicheko, na nadhani alikuwa amenielewa kuliko nilivyotarajia. Wiki iliyofuata aliweka mlango wa chuma wa kukunja wenye makomeo mawili na taa inayowaka mtu akipita, kwa gharama iliyozidi kidogo bei ya ile bastola.

Kwa hiyo, kama chombo cha burudani na cha kujifunzia jinsi watu walivyopigana kabla ya risasi za ganda kuenea, naipa alama nane kwa kumi, na mbili zilizobaki nazikata kwa ajili ya kuosha. Kama kinga ya nyumba naipa tatu, na hizo tatu ni kwa mtu anayeishi mahali pakavu, ambako sheria inamruhusu, aliyefanya mazoezi kila mwezi, na ambaye hana njia yoyote ya kupata kitu kingine. Kwa hali hiyo ni afadhali kuliko mikono mitupu, mradi ajue kwamba ana risasi tano na baada yake ana rungu la kilo moja na robo.

Kijana wetu mwenyewe alikwisha kubali. Kabla sijaondoka alinunua bastola ya kisasa ya milimita 9 na sanduku dogo la kuifungia, na ile ya baruti akaihamishia sebuleni, tupu, juu ya kabati la vitabu. Mwezi uliopita amenitumia ujumbe kwamba anatafuta na nakala ya Colt ya 1851 aiweke pembeni yake, kwa kuwa, asema, mlio wa zile za kisasa hauna ladha. Nami, ingawa nimeandika yote haya, nimemwambia anisubiri tukaijaribu pamoja, na kwamba sufuria iwe yake mwenyewe.