Miguu ya mzee: nunua tyubu kabla ya kopo

Mama alipoanza kuswali kwenye kiti, sote nyumbani Ngamiani, Tanga, tulisema ni magoti. Daktari akamkagua, akasema magoti hayana neno, mapaja ndiyo yaliyokwisha. Kwenda sijida anaweza, kuinuka ndiko kunakomshinda. Wiki ileile jirani akatuletea habari za kopo la unga wa protini, fedha ambayo ingenunua trei kadhaa za mayai. Tukanunua. Akalinywa lote, na kwenye kiti akabaki.

Sababu niliielewa baadaye. Mwaka 1994 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti wa wazee 100 wa Boston, Marekani, wastani wa umri wao miaka 87, waliofuatwa kwa wiki 10. Walionyanyua uzito, nguvu za misuli yao zilipanda kwa asilimia 113. Waliopewa kinywaji cha lishe peke yake, bila mazoezi, hawakuongeza nguvu. Ndiyo maana orodha yangu ya vitu vya kumnunulia mzee haianzii duka la dawa.

Kabla ya kufungua pochi, mpime mzee wako. Mkalishe kwenye kiti, mikono aikunje kifuani, asimame na kukaa mara 5. Akizidi sekunde 15, misuli yake imeshalegea.

1. Kiti imara na tyubu ya baiskeli

Tanga ni mji wa baiskeli, hatuwezi kukosa tyubu. Mwombe fundi tyubu kuukuu ya gurudumu kubwa, aikate ifunguke iwe kamba ndefu. Ivute kwa nguvu mbele ya taa uone kama ina nyufa, maana ikikatika itamrukia mzee usoni. Mipira ya mazoezi ya dukani ni mizuri pia, tena huja na uzito tofauti kwa rangi, lakini kwa kuanzia tyubu inatosha.

Mzee akae, apitishe tyubu kwenye nyayo, avute kuelekea tumboni kama anayepiga kasia. Halafu azungushe kwenye unyayo mmoja na kusukuma mguu mbele. Kiti nacho ni kifaa: kusimama na kukaa, mara 8 hadi 12, apumzike, arudie. Kiegemeze ukutani kisiteleze. Mara ya mwisho iwe ngumu kweli. Ikiwa anaweza kupiga soga huku anavuta, tyubu ni laini, ikunje mara mbili. Siku 2 au 3 kwa wiki, na baina yake siku ya kupumzika. Asibane pumzi, hasa mwenye presha.

2. Chakula chenye protini

Mzee mwenye afya anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mama ana kilo 60, kwa hiyo ni gramu 60 hadi 72. Sasa hesabu chai ya rangi na andazi: karibu hakuna kitu. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maziwa au mtindi gramu 8, kipande cha samaki cha gramu 100 hukaribia gramu 20 au kupita kidogo. Dagaa wakavu, gramu kwa gramu, hawana mpinzani sokoni, nao hutwangika kwa asiye na meno. Na waliozoea mbaazi za nazi na maandazi asubuhi wako nusu ya njia, waongeze yai tu.

Kosa letu watu wa pwani ni kungoja mchana ndipo tule kitoweo. Protini igawanywe asubuhi, mchana na jioni. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze kabla ya kuonana na daktari wake.

3. Vyuma, au jimu

Hapa ni baada ya tyubu kuwa nyepesi. Anza na dumu la mafuta ya kula la lita 5: likijaa maji ni kilo 5, nusu yake ni kilo 2 na nusu. Jimu ichague kwa mwalimu, mashine baadaye. Akimpa mzee vyuma siku ya kwanza bila kumwona akiinuka kitini, ondokeni.

4. Kriatini

Huu ni unga wa kirutubisho unaoisaidia misuli kupata nishati. Katika makopo yote, hili ndilo ningelipa nafasi, na ni kwa mzee anayefanya mazoezi tayari. Tafuta kriatini monohidreti (aina yake ya kawaida) tupu, isiyochanganywa na kitu, gramu 3 hadi 5 kwa siku. Mwenye figo mbovu aiache. Wengine wamwambie daktari kabla ya kupima damu, kwa sababu inaweza kupandisha kipimo cha figo hata kama figo ni nzima, na nyumba nzima ikaingiwa hofu bure.

5. Unga wa protini ya maziwa

Si mbaya. Unamfaa mzee asiye na hamu ya kula au anayetoka kuugua. Anayekula samaki na mayai vizuri hauhitaji.

6. Vitamini D

Kwa aliyepimwa akaonekana amepungukiwa, basi. Dozi kubwa ya mkupuo iepukwe: utafiti wa Australia wa 2010 uliwapa kina mama wa miaka 70 na zaidi uniti 500,000 mara moja kwa mwaka, nao wakaanguka zaidi kuliko wasiopewa.

Usinunue

Mikanda ya kutetemesha tumbo. Chupa zisizoandikwa kilichomo. Unga wa lishe wenye mahindi mengi na karanga kiduchu unaouzwa kama dawa ya misuli; ni uji mzuri, lakini ni uji. Muuzaji akikupigia debe, muulize kijiko kimoja kina gramu ngapi za protini. Akianza kukusimulia mteja wake aliyetupa mkongojo, mwambie ahsante, endelea na safari yako.