Seti ya kugemea mepo ya dola 60: vibomba safi, hayo mengine wamejazia boksi tu

Wenzangu mlioko huku Marekani, Maine, Vermont, New Hampshire, mpaka kule Quebec ya Canada, kama mmekua mkiona majirani wanatundika ndoo kwenye miti mwezi wa tatu na theluji bado iko magotini mkajiuliza hawa watu wanatega nini, jibu ni shira. Wanagema. Ni mti wa mepo, ule wenye jani la kwenye bendera ya Canada, unatobolewa tundu dogo, unachuruzika maji, maji yanachemshwa mpaka yawe shira ya rangi ya asali, ndio hio watu wa huku wanamwagia pankeki na ndio hio galoni moja dukani inauzwa dola 50 na kitu. Sasa nyuma ya nyumba tuliyopanga kuna mepo tatu kubwa, na landilodi alikubali (ulizeni kwanza jamani, mti ni wake sio wako), nikachukua ile seti ya wanaoanza inayouzwa mahadiwea na mtandaoni kuanzia mwezi wa kwanza. Kampuni siitaji, ziko nyingi na vitu vyao vinafanana, boksi lina picha ya ndoo na theluji na mtoto anacheka.

Ndani kuna vibomba vitatu vya plastiki, mirija mitatu ya bluu, biti moja ya drili (ile ncha ya kutobolea), kitambaa cha kuchujia na kijitabu. Ukiongeza kodi unagonga kama dola 60. Mimi naipa nyota 3 kati ya 5, na hizo 3 zote ni za vibomba na mirija.

Vibomba nianze navyo maana ndio uhai wa kazi. Ni vya inchi 5/16, yaani kama milimita 8, sio vile vya chuma vya kizamani vya 7/16 ambavyo wazee bado wanavyo kwenye mabanda yao. Tundu dogo mti unaliziba haraka zaidi na maji unayopata hayapungui kwa kiasi cha maana, kwahivyo kwa mtu mwenye miti yake mitatu anayotaka kuigema miaka na miaka hii ndio saizi. Unatoboa kwa kuinamisha drili kidogo ili tundu liangalie chini na maji yatoke yenyewe, kina inchi moja na nusu hadi mbili, na unaangalia unga unaotoka, ukiwa mweupe mweupe uko sawa, ukiwa wa kahawia hapo mbao imekufa tafuta upande mwingine. Halafu unagongelea kibomba taratibu na nyundo mpaka mlio ubadilike. Hapo unaacha. Ukishupaa unapasua mti na maji yatapita pembeni ya kibomba badala ya ndani. Vya hii seti vilikaa vizuri sana, havikuvuja hata kimoja, na msimu ulipoisha vilichomoka kwa mkono tu bila kuvunjika, nikaviosha kwa maji ya moto nikaviweka. Mirija nayo sawa ila baridi ikiwa kali inakua migumu kama fimbo, beba chupa ya maji moto, chovya ncha kidogo, itaingia kwenye kibomba bila matusi.

Biti ya drili ni takataka. Sina neno lingine. Mti wa kwanza ilikata, wa pili ikaanza kutafuna, wa tatu ikawa inatoa moshi. Na hili sio jambo dogo maana tundu lililochanwachanwa linavuja na linaziba mapema, unapoteza maji ya wiki nzima kwa ajili ya kibiti cha dola moja. Mzee jirani yangu alikuja kuangalia, akaishika akaigeuza geuza, akarudi kwake akaniletea ya kwake yenye makali, kazi ikaisha.

Ndoo hawakupi. Hilo boksini wameliandika kwa herufi za kutafuta na tochi. Unahitaji ndoo ya plastiki ya kuwekea chakula yenye mfuniko, unatoboa mfuniko saizi ya mrija unapitisha, ndoo inakaa chini kwenye theluji. Usinunue, nenda kitengo cha mikate na keki kwenye supamaketi uwaombe zile ndoo za krimu ya keki, wengi wanakupa bure. Na ndoo za mabati za kale ambazo watu wanauza kwenye minada kama mapambo usigemee, nyingi zimeunganishwa kwa risasi, ile metali yenye sumu.

Haya, kijitabu. Kijitabu kina kurasa kama kumi, nusu Kiingereza nusu Kifaransa, na ukurasa mzima wa kukufundisha kuutambua mti una picha ya majani. Majani! Unagema mwisho wa mwezi wa pili hadi wa nne hivi, hakuna jani hata moja mtini, miti yote imesimama uchi. Aliyeandika hio kitu hajawahi kutoka nje. Wacha nikwambie mimi: angalia matawi, kwenye mepo yanatoka mawili mawili yakitazamana, kulia na kushoto sehemu moja, wakati mwaloni na miti mingi mingine yanapishana. Afadhali zaidi uitie alama miti yako mwezi wa kumi majani yakiwa mekundu na manjano unayaona vizuri. Inayosifika kwa utamu ni ile mepo ya sukari, ila mepo nyekundu nayo inafaa, ina sukari kidogo chini na inachipua mapema. Na mti uwe na unene wa kama sentimita 30 kwenda juu, ukipima kukatiza toka upande mmoja hadi wa pili, mwembamba wa chini ya 25 muache akue.

Kitu ambacho kijitabu kimeeleza sawa ni hali ya hewa. Usiku lazima igande, mchana iyeyuke. Usiku ikishuka kama digrii 5 za Selsiasi chini ya sifuri mti unafyonza maji ndani, mchana ikipanda digrii 5 au 6 juu presha inageuka na maji yanasukumwa nje, tap tap tap, siku nzuri ndoo inajaa kabla hujarudi kazini. Ikikaa baridi mfululizo hakuna kitu. Ikikaa joto mfululizo pia hakuna kitu. Ndio maana huwezi kusema nitagema Jumamosi kwasababu niko ofu, mti ndio unapanga ratiba.

Nilimpigia mjomba wangu kule Kilifi kwa video nikamuonesha, yeye amegema minazi maisha yake yote, kotama (kile kisu cha mgema) kiunoni, asubuhi yuko juu jioni yuko juu. Akaangalia ule mrija wa bluu akasema, "We mpwa wangu, yaani mti wenyewe haupandwi?" Nikamwambia haupandwi mjomba, unasimama chini tu. "Na inalewesha?" Nikamwambia hapana, ina sukari asilimia 2 tu. Akacheka mpaka simu ikamtoka mkononi. Na ana haki ya kucheka, maji yanayogemwa mnazini yana sukari kama asilimia 15, na yakiachwa kidogo tu kwenye kibuyu yameshaanza kupanda yenyewe yawe tembo, pombe ya mnazi. Haya ya mepo ukiyaonja ni kama maji ya kisima yaliyokosewa sukari kidogo, na yakikaa kwenye joto hayawi chochote cha maana, yanachacha tu kama maziwa na unamwaga. Yaweke kwenye baridi, zika ndoo kwenye theluji upande wa kivuli, na uchemshe ndani ya siku chache. Asubuhi ukikuta barafu imeelea juu ya ndoo itoe utupe, hio barafu ni karibu maji matupu, utamu umebaki chini, umepunguziwa kazi ya kuchemsha bure.

Na hapa kwenye kuchemsha ndio ugomvi wangu mkubwa na hii seti. Boksi linakuuzia sehemu rahisi. Kutoboa mti na kutega ndoo ni kazi ya asubuhi moja, mtoto wa miaka kumi anaweza. Shughuli yenyewe, pesa yenyewe, usingizi wenyewe, uko kwenye kuchemsha, na kijitabu kina mistari miwili tu: chemsha mpaka iwe nzito, chuja, furahia. Furahia nini?

Hesabu iko hivi. Lita 40 za maji zinakupa lita 1 ya shira. Tundu moja kwa msimu mzima linatoa kama lita 40. Kwahivyo vibomba vitatu vya hii seti, mambo yakienda vizuri, ni lita 3 za shira kwa mwaka. Lita 117 zilizobaki zote lazima ziondoke kama mvuke, na usidhani utachemshia jikoni ndani, huo mvuke utabandua rangi ukutani na dari itanata. Nje. Mimi nilitumia lile jiko la gesi la kukaangia batamzinga wanalotumia sikukuu ya Thanksgiving, na mtungi wa kilo 9 ulinichemshia kama lita 80 za maji ukakata, maana yake dola 20 za gesi kwa lita 2 za shira. Galoni ni karibu lita 4, ile ya dukani ya dola 50 na kitu, piga hesabu mwenyewe uone unaokoa nini. Ukiwa na kuni za bure ndio inalipa: panga bloku za simenti umbo la U, weka juu treya pana za stili zile za mahoteli ya bufe, moto chini. Pana sio ndefu, sufuria ya pilau haifai hapa, unataka maji yatandazike yapate uso mkubwa wa kutoa mvuke. Hakuna hata neno moja la haya kwenye kijitabu.

Na mwisho wake ndio unaotaka macho. Shira inaiva kama digrii 4 juu ya pale maji yanapochemkia, yaani 104 hivi, na hizo digrii za mwisho zinakuja haraka sana baada ya masaa ya kungoja, inapanda povu inamwagika, au inakua kahawia halafu nyeusi na treya imeharibika. Tone la siagi linatuliza povu. Hamishia jikoni ndani hapo mwishoni ikiwa imebaki kidogo, moto mdogo, kipimajoto ndani. Kipimajoto ambacho, umeshakisia, hakimo kwenye boksi la dola 60.

Kitambaa cha kuchujia kimo. Ni ile shashi yenye matundu ambayo ungechujia tui, na hata tui ungelalamika. Shira ya mepo ikiiva inatoa mchanga mchanga wa madini mweupe, hauna madhara ila unaukuta chini ya chupa kama chokaa, na shashi haiuzuii hata kidogo. Kinachouzuia ni kichujio kizito cha umbo la pia, kama kofia ya mzee, kinauzwa peke yake dola kumi na kitu na unachuja shira ikiwa ya moto sana, ikipoa haipiti. Chupa nazo jaza ikiwa ya moto, digrii 82 kwenda juu, funika, itakaa mwaka kabatini. Ukishafungua weka kwenye friji.

Ladha? Ladha wallahi sina la kusema vibaya. Maji ya mwanzo wa msimu yanatoa shira nyepesi ya dhahabu, ya mwishoni inakua nyeusi na ina ukali fulani kama wa sukari guru, na mimi naipenda hio nyeusi zaidi, wazungu wengi nao wanaipenda siku hizi. Mama watoto alipika kaimati akaimwagia badala ya shira ya sukari na iliki, na sahani haikufika mezani. Ila miti ikianza kuvimba machipukizi acha, chomoa vibomba, maji yanakua na ladha mbaya ambayo kuchemsha hakuiondoi. Tundu usilizibe na chochote, mti unajiziba, mwaka ujao unatoboa mbali na hapo.

Kwahivyo ununue? Kama unataka watoto waone shira inatoka wapi na una mti mmoja tu, sawa, ila nenda kwanza Jumapili ya nne ya mwezi wa tatu, Maine nzima wenye mabanda ya kuchemshia wanafungua milango, unaona mitambo, unaonja bure, halafu unaamua kama una moyo huo. Wenyeji wa asili wa hapa, kabila la Wapassamaquoddy na wenzao, walikua wanagema hii miti kabla meli ya mzungu haijaonekana, na Wapassamaquoddy mpaka leo wana biashara yao ya shira, ukitaka kununua tu bila kujitesa anzia hapo.

Kama una miti mitatu kwenda juu, achana na seti. Vibomba vya 5/16 na mrija vinauzwa kimoja kimoja kwenye maduka ya pembejeo za mashamba dola tatu nne hivi, biti nzuri dola kumi, ndoo za krimu bure, hizo pesa zilizobaki weka kwenye kile kichujio cha umbo la pia na kipimajoto. Mimi msimu ujao naongeza vibomba viwili, mepo kubwa ya pembeni ya barabara inabeba viwili bila shida, na kuni mzee jirani kashaniambia nikachukue za mti wake ulioanguka na upepo, nikaukate mwenyewe.