Fundi wa waya, Mwembe Tayari: nyota nne, ya tano kaipoteza kwa kuchelewa

Kama intaneti ya nyumbani kwako imekufa kabisa, huyu fundi humhitaji. Ita kampuni yako. Yeye ni wa ule ugonjwa mwingine, wa kukatika na kurudi, ambao ukipiga simu kulalamika mtandao ushatengemaa na wewe unaonekana muongo.

Nakaa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, na nafundisha tajwidi, yaani kanuni za kusoma Kurani, kwa Zoom watoto walioko London na Toronto. Mtoto yuko kwenye madd, pale sauti inapovutwa, anavuta vizuri, mara sauti inapotea. Ikirudi keshafika aya nyingine, nami sijui kavuta harakati, yaani vipimo, nne au sita. Na wazazi wanalipa kwa saa. Kampuni ya faiba wimbo wao ni mmoja: "Mama, zima ruta, ngoja dakika moja, washa." Baadaye wakanishauri nipandishe kifurushi. Muuzaji mmoja wa Digo Road naye akataka kuniuzia kifaa cha kuongeza nguvu ya waifai, eti kuta zetu za mawe ya matumbawe ni nene. Nene kweli, lakini kompyuta yangu na ruta viko meza moja!

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa huyu kijana. Duka lake limebanwa kati ya muuza simu na muuza viatu, kibao hakuna, uliza tu fundi wa waya. Aliniahidi saa tatu asubuhi, akaja adhuhuri inakaribia, na wala hakupiga simu. Nyota ya tano iliondokea hapo.

Alipofika hakugusa kitu, aliuliza. Mtandao ukikatika, alama ya waifai kwenye simu inapotea au inabaki? Inabaki. Siku za upepo inazidi? Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia tangu kusi lishike kasi, hali ni mbaya zaidi.

Akafungua madirisha matatu meusi kwenye laptopu yake, kila moja likiita mahali pake bila kupumzika: la kwanza ruta yangu, la pili kisanduku cha kampuni kilichoko chini, la tatu 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google huko nje. Tukakaa tukitazama mistari ikishuka, chai ikapoa. Upepo ulipokuja, madirisha mawili yakaandika hakuna jibu. La ruta likaendelea kama kawaida.

"Mwalimu, ingekuwa waifai, hata ruta ingenyamaza," akasema. "Ingekuwa kampuni, kisanduku kingejibu. Kilichokatika ni hapa katikati."

Katikati ni waya unaotoka chini, unapanda ukuta wa nje, unapita juu ya mabati mpaka kwangu ghorofani. Aliyetuwekea mwanzoni aliuunga hukohuko paani. Fundi akashuka na kile kichwa cha waya mkononi: meno manane, mawili yameota kutu ya kijani. Kisha akakwangua uzi mmoja kwa wembe. Juu mwekundu, ndani mweupe. Kumbe ni alumini iliyopakwa shaba! Akanieleza kuwa hewa ya chumvi inaila upesi, na upepo ukiutikisa waya kila siku, nyuzi zinavunjika ndani huku ganda liko zima. Ukitulia zinagusana, ukitikisika zinaachana.

Akavuta waya mpya mweusi wa kuwekwa nje, shaba tupu, kipande kimoja bila kiungo, akaubana ukutani. Kabla ya kuuingiza dirishani akauachia tao kidogo kwa chini, ili maji ya mvua yadondoke hapo yasifuate waya hadi ndani. Akaupima kwa kile kidude cha taa: moja mpaka nane, zote zikawaka kwa mpangilio. Nililipa shilingi 4,800 kwa M-Pesa, waya na kazi. Risiti kaandika kwenye kipande cha boksi, kama unadai kurudishiwa pesa kazini kwenu itakusumbua.

Chumba cha nyuma bado waifai ni ya kusuasua. Nilikuwa tayari kununua kifaa cha pili, yeye akanizuia: akayapa majina tofauti mawimbi mawili ya ruta, la 2.4 na la 5, na kuniambia nikiwa kule nitumie la 2.4, maana linapenya ukuta vizuri kuliko la 5. Kwa barua pepe linatosha.

Usafi ndio sifuri. Vipande vya waya kaviacha ngazini, na tundu la dirishani hakuliziba, nimelitia tambara.

Darasani sasa nasikia madd yote, na makosa yote pia, maskini watoto. Ukimwita, mwambie mapema uko ghorofa ya ngapi aje na ngazi yake. Kwangu alimuazima jirani, na ngazi ya watu mpaka leo iko ukumbini, kila mmoja anasubiri mwenzake airudishe.